Kisilu Mutie, Mchoraji wa Nyoka Mcheshi

Waombolezaji wapendwa, mliosimama kule nyuma mkitazama nyasi chini ya miguu yenu, ketini, uwanja umefyekwa na kukaguliwa, ingawa kusema kweli hata mimi Munyao, shemeji ya marehemu, nimekuja kusoma nikiwa nimevaa suti na gambuti.

Kisilu Mutie alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Matinyani, Kitui, mtoto wa nne wa Mzee Mutie na Mama Kasiva, akasoma shule ya msingi nyumbani kuanzia 1978, kisha sekondari mjini Wote hadi 1989, na walimu walimchapa mara nyingi kwa kuwachora ubaoni, lakini wapi, hakukoma. Mwaka 1991 alianza kazi ya kuchora mabango ya maduka hapo Wote, na tarehe 7 Desemba 1996 akafunga ndoa kanisani na dada yangu Syokau, mwanamke asiyeogopa chochote isipokuwa nyoka, kwa maana alimwona mdogo wetu akifa kwa kuumwa na moma. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ndunge na Kitheka.

Ni kwa sababu ya hofu hiyo ya mkewe kwamba mwaka 2009 alianza kuchora katuni za Mzee Moma, nyoka mnene, mvivu, mwenye kofia ya kwendea kanisani, anayeomba jambo moja tu, asikanyagwe, na ambaye kila mara huwagombeza watu kwamba mtu akiumwa wasimfunge kamba, wasimchanje kwa wembe, wampeleke hospitali upesi. Zilibandikwa kwenye mabucha, shule na zahanati kutoka Kitui hadi Wote, tukacheka hadi kushika mbavu, na Syokau, aliyezipaka rangi zote, alizijua kama sala ya Baba Yetu.

Jumamosi tarehe 24 Januari mwaka huu, wakikusanya ndengu shambani, Kisilu aliinua fungu moja na moma akamuuma juu ya kifundo cha mguu. Aliketi chini, akamwambia mkewe asiogope, aite boda boda tu, lakini hofu, jamani, haijui kusoma. Syokau alivua leso akamfunga chini ya goti kwa nguvu zake zote, jirani mmoja akaleta wembe, mwingine akamkimbilia mganga mwenye jiwe jeusi la kunyonya sumu, na Kisilu akawasihi, akawakemea, akaigiza hata sauti ya Mzee Moma, wala hakuna aliyecheka. Walipomfikisha hospitali jua lilikuwa limezama na mguu umekuwa mweusi, madaktari wakahangaika naye, lakini figo zilishindwa, akatuacha Jumatatu tarehe 26.

Haya Syokau mwenyewe ameniagiza niyasome, nami nilikataa, nikiogopa mtamnyooshea kidole, akasema nisipoyasoma atayasoma yeye. Daktari hakusema leso ndiyo iliyoua, alisema muda ulipotea. Kwa hivyo anayetaka kumlaumu dada yangu kwanza aseme yeye angefanya nini, na aseme ukweli.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, kijana wa boda boda Kitonga, kanisa, wachoraji wenzake wa Wote, na majirani wote, hata wa wembe, kwa kuwa mlikuja mbio na mlimpenda.

Yule moma hajaonekana mpaka leo, na ndengu bado ziko shambani. Vijana mlitaka kuchoma kichaka chote, Syokau amekataa, maana mumewe angekataa. Jumatatu ijayo anarudi kuvuna, na anaomba mtu mmoja tu wa kuandamana naye, mtu ambaye Syokau akiumwa hatamfunga wala kumchanja, atamkimbiza hospitali. Aliye tayari ainue mkono sasa.

Naona vichwa vimeinama, hata changu. Kisilu, shemeji yangu, pumzika kwa amani, sisi bado tunaogopa.