Majani Juu ya Vigae

Elieth aliona kwanza majani makavu yaliyonasa kwenye soksi za mzee aliyeketi mbele yake, katika Hiace ya kutoka Muleba kwenda Bukoba. Kwa maneno yake akajua ni mwenye gesti, na mama aliyekaa naye ni mhudumu wake.

“Ma Jovitha, nani alikutuma utandike majani mapokezi, juu ya vigae vipya?”

“Wewe, tata,” mama akamjibu, kama anayemwita baba. “Kikaoni ulisema kila mfanyakazi aione gesti ni kwake. Kwangu mgeni akija natandika majani.”

“Na mimi ukanivua viatu mlangoni.”

“Kwangu hata padri anavua.”

Abiria wakacheka. Mzee hakucheka. “Ukitandika tena, kazi huna.”

“Basi tamka kwamba gesti ni yako peke yako, nideki ninyamaze.”

Mzee akagonga bati gari lisimame Kemondo, wakashuka wote wawili. Elieth, ambaye huwaogopa hata makondakta, akatoa kichwa dirishani.

“Mama, mimi naosha vyombo mgahawani mwaka wa tatu. Naambiwa pale ni kwangu, na chai bado nainywea nje.”