Mwalimu Dakika na Watoto Wasioelewa

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wanafunzi mliojipanga ukutani, marehemu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi mlimjua kama Mwalimu Dakika, alizaliwa tarehe 9 Juni 1966, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake fundi viatu, wiki mbili kabla ya siku aliyotarajiwa, na tangu hapo hakuwahi kutulia mahali.

Alianza shule Januari 1974, akamaliza sekondari mwaka 1984, akahitimu ualimu tarehe 28 Novemba 1986, na tarehe 12 Januari 1987 akaanza kufundisha hesabu katika shule aliyoitumikia mpaka mwisho, kila andalio la somo akiligawa kwa dakika, tano za utangulizi, ishirini za maarifa mapya, mpaka wenzake wakasema huyu hata chafya ameipangia muda.

Familia haitaficha jambo ambalo nusu yenu mnalijua na nusu mnalisubiri. Tarehe 4 Oktoba 1988, saa tatu asubuhi, mkaguzi alifungua daftari lake la maandalio, akakuta kipindi cha saa tano kimeshajazwa tathmini, "Wanafunzi wote wameelewa," akamtazama juu ya miwani na kumwuliza, "Wameelewa wakiwa wapi, Mwalimu, ndotoni?" Walimu wote walijaza mapema hivyo hivyo ili jioni wawahi nyumbani, ila aliyenaswa ni yeye, akapewa barua ya onyo, na dada yake mkubwa anakumbuka kwamba hakula siku mbili, si kwa ajili ya barua, bali kwa sababu baada ya kipindi aliuliza mmoja mmoja, akakuta wasioelewa ni kumi na tisa.

Tangu siku hiyo hakuandika "wameelewa" kabla ya kumwuliza kila mtoto, na aliyemkosa darasani alimfuata kwao, ndiyo maana baadhi yenu mlikuwa mkimwona kwenye kona mnazima redio na kujifanya hampo.

Tarehe 22 Desemba 1990 alimwoa fundi cherehani, na wanaosema alimnasa kwa kisingizio cha kushona suruali wanasema kweli, alishonesha nne, na siku ya harusi bibi harusi alipomkamata akichungulia karatasi ya majina ya watoto wa marudio alimwambia, "Leo mwanafunzi ni mmoja, mimi." Walijaliwa binti mwaka 1992 na kijana mwaka 1995.

Moyo ulianza kumsumbua Januari mwaka huu wa 2024, akalazwa tarehe 3 Machi, akakatazwa kazi, lakini nesi alikuta daftari chini ya godoro, somo la kugawanya sehemu kwa darasa la sita limepangwa upya mara tatu, kwa karatasi, kwa mkate, kwa kamba, naye akamsihi, "Usinipokonye, mwanangu, hawa hawajaelewa." Alifariki tarehe 16 Machi, saa tisa alasiri.

Tunawashukuru madaktari, manesi, majirani waliotuachia vyumba vyao, na walimu wenzake, hasa mwalimu kijana aliyelichukua andalio lile la kamba, akalifundisha jana Jumatatu, akawauliza wote arobaini na mmoja, wakaelewa thelathini na watatu. Wanane waliobaki mko hapa, msijifiche nyuma ya mama zenu, keshokutwa saa mbili asubuhi mnatakiwa darasani.

Sisi tutawahimiza, mpendwa wetu, wewe sasa keti, pumzika kwa amani.