Bi Orodha na Bati Namba 112

Kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne, Bi Orodha amekuwa akipanda ngazi za watu wengine na kuhesabu vijiko vyao. Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, anakabidhi kalamu, fomu na funguo za ghala, kisha anastaafu kwa mujibu wa sheria. Kwa mujibu wa magoti yake, alistahili kustaafu zamani.

Jina hilo alibatizwa na madereva, na lile halisi sasa linajulikana na ofisi ya utumishi peke yake. Alianza katika kampuni yetu ya kuhamisha mizigo akiwa mfungaji wa vyombo, akapanda kuwa msimamizi wa zamu, na kwa miaka kumi na tisa ya mwisho amekuwa mkaguzi wa orodha. Kwa wageni ambao hawajawahi kuhamishwa nasi: kabla kitu hakijapanda lori, hubandikwa lebo yenye namba na kuandikwa kwenye fomu, na mwenye nyumba hutia sahihi kila ukurasa. Anayekipokea hutia sahihi safu ya pili. Chochote chenye mfuniko hufunguliwa kwanza. Wengine kazi hiyo tunaifanya juujuu. Yeye aliifanya kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha mwenyewe.

Orodha zake tunazisoma hadi leo wakati wa chai. Piano aliiandika "kabati lenye meno, zito mno". Paka aliyejificha kwenye boksi la mashuka aliandikwa "paka, mmoja, mzima, hana furaha". Na asije mtu akadhani hakuwahi kukosea. Siku moja alibandika lebo namba 47 kwenye kiti cha sofa bila kutazama kilichokuwa juu yake. Wapakiaji wetu wanatii lebo kuliko wanavyowatii wake zao, basi wakakibeba kiti pamoja na baba mkwe wa mteja, aliyekuwa amelala fofofo. Mzee wa watu aliamka ndani ya lori, kati ya friji na godoro, akauliza kama tumefika. Bi Orodha alimwomba radhi, kisha akamwandika.

Sasa niseme kilichonifanya nigombanie kuandika wasifu huu, maana ofisi ya utumishi nayo iliutaka. Makao makuu siku hizi wana sera ya kuzuia utumwa mamboleo. Ina bango ukutani, ina semina, na semina ina chai. Sera nzuri, sikatai. Lakini haikuanzia makao makuu ng'o. Ilianzia chumbani kwa wakala mmoja, juu ya kabati.

Miaka tisa iliyopita wakala huyo alikuwa akiiletea kampuni vitu viwili: maboksi na watu. Alitaka tumwite Mjomba. Sisi watu wake tulikuwa kumi na wanne. Asubuhi tulifunga vyombo vya wateja wenu, alasiri tulirudishwa kwenye karakana yake kukunja maboksi, na tulilala humohumo, geti likiwa na kufuli kwa nje. Vitambulisho vyetu alivichukua siku ya kwanza, akisema anatutunzia visije vikapotea. Mimi nilikuwa na mama mgonjwa, mwendo wa siku nzima kwa basi. Jirani yake alinipigia simu kusema kama nataka kumwona, nisichelewe. Bila kitambulisho hukati tiketi. Nilimwomba Mjomba mara nne, na mara zote alinijibu kwa upole kabisa kwamba kazi ikipungua atanipa. Jamani, kazi ya kuhamisha watu hupungua lini?

Hapa Bi Orodha hachomoki, na mwenyewe hataki kuchomolewa. Utaratibu ulimtaka aone kitambulisho cha kila anayeingia nyumbani kwa mteja. Mjomba alimletea nakala, zimepangwa vizuri ndani ya faili, naye kwa miezi mitatu akazigonga muhuri. Kila semina yeye huianza na hilo: kwamba miezi mitatu alikagua karatasi, na watu wamesimama mbele yake. Ndilo jambo pekee ambalo hajawahi kulifanyia utani.

Kisha Mjomba akahama nyumba. Kwa kuwa ni mshirika wa kampuni, alihamishwa bure, na mtu huyu kitu cha bure hakikuwahi kumpita. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Mimi na mwenzangu tulipangiwa chumba cha kulala. Bi Orodha alishusha bati la biskuti kutoka juu ya kabati, akalifungua kama anavyofungua kila kitu. Akazitazama picha zilizokuwamo. Akatutazama sisi, selotepu mkononi. Aliandika, na ukurasa huo sasa umo kwenye fremu ofisini: "Namba 112. Bati la biskuti, moja, lina kutu pembeni. Ndani: vitambulisho kumi na vinne. Wenyewe si wakazi wa nyumba hii. Wawili wapo chumbani." Akaupeleka sebuleni, ambako Mjomba alikuwa akizozana na wapakiaji juu ya televisheni yake, naye akatia sahihi bila kusoma, kama alivyotia kurasa tano za mwanzo.

Ndipo Bi Orodha akamwamuru dereva azime lori. Nusu ya vitu vya Mjomba vilikuwa ndani, nusu nje, kitanda kimekwama mlangoni. Alinikabidhi kitambulisho changu na kunielekeza nitie sahihi kwenye safu ya aliyepokea. Mjomba alikuja mbio, akaapa kwamba bati hilo hajapata kuliona maishani. Alionyeshwa sahihi yake, wino haujakauka.

Mkurugenzi wetu, ambaye ameketi pale meza kuu na alijua zamu yake itafika, alipiga simu akifoka kwamba mteja haachwi kitanda kikiwa mlangoni, na kwamba Bi Orodha ajihesabu hana kazi. Alijibiwa aje aiandike barua ya kumfukuza hapohapo, kalamu ipo. Akaja. Akausoma mstari wa 112, akaketi juu ya boksi lililoandikwa vyombo vya kuvunjika, navyo vikavunjika. Tumpe haki yake: aliwapigia simu watu wa ofisi ya kazi yeye mwenyewe, na jioni ileile kufuli la geti likakatwa mbele ya askari. Wote kumi na wanne tulitia sahihi ukurasa mmoja. Mahakamani, Mjomba alifungwa na mkono wake mwenyewe.

Tangu hapo kampuni haipokei mtu kupitia faili. Wauza maboksi, wafua mablanketi ya kufungia, wasafisha malori, wote wamemzoea Bi Orodha. Wakimwona anashuka kwenye pikipiki humkimbilia na soda. Soda anaipokea, anaimaliza, kisha anaomba aonyeshwe wafanyakazi wanalala wapi na kufuli liko upande gani wa mlango. Wawili walikataa, na hatununui tena kwao.

Mume wake, fundi cherehani, ametuarifu kwamba ana hofu: tayari amekuta lebo kwenye sufuria. Pole sana, shemeji. Sisi tumeishi nayo miaka yote hiyo, sasa ni zamu yako.

Nawe Bi Orodha, shangazi yangu wa kazini, nilikata tiketi asubuhi iliyofuata. Hujawahi kuniuliza nilikuta nini, nami nilipokurudia kuomba kazi nilishindwa kukuambia, maana ningelia na wewe ungenitania. Nilimkuta mama yu hai, ananitambua. Aliniita jina langu, akaniuliza mbona nimekonda. Nilikaa naye siku kumi na tisa. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimzika mwenyewe. Wengine leo watakushukuru kwa sera. Mimi nakushukuru kwa siku kumi na tisa. Nenda ukapumzike sasa, uzeeke taratibu, na unaowapenda wasikose njia ya kukufikia.