Cheti cha Zimwi

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Ndugu Mtendaji wa Kata, Mganga Mfawidhi wa zahanati yetu Bi Elinipa, wazee wangu wa Maneromango, shikamooni. Ndugu wageni waalikwa, na nyie mliofuata harufu ya pilau, karibuni pia.

Nimechoka, jamani. Miaka thelathini na mbili ya kukagua vyoo na migahawa si mchezo, kwa hiyo mniwie radhi nikiongea huku nimeegemea meza.

Cheti hiki cha kustaafu mlichonikabidhi sasa hivi nimekisoma mara mbili. Kimeandikwa: "Kwa utumishi uliotukuka, Bwana Afya Zimwi." Nimemnong'oneza MC wetu, Godbless, akaniambia, "Mzee wangu, kamati nzima hatukujua jina lako lingine." Lingine! Kwani hilo la kwanza nilipewa na nani?

Mwalimu Evance, usijifiche nyuma ya Diwani, nimeshakuona. Wewe ndiye uliyeanza kuchora zile katuni na kuzibandika ukutani dukani kwa Seif. Ulizichukua hadithi za bibi zetu ukazipindua kichwa chini miguu juu. Sungura wako ni dalali wa viwanja, pango la Simba kaliuza kwa watu watatu. Binti Sultani wako hana haja na mchumba wa kutegua vitendawili, anamtaka anayejua kuzibua choo. Halafu Zimwi! Ana kitambi changu, ana kofia yangu, anataka kumeza watoto lakini kwanza anawakagua kucha. Kila wiki anawakuta wachafu, kila wiki analala njaa. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Na mimi nilicheka, sitadanganya, maana wiki ile watoto walikata kucha kuliko miaka yote niliyowahubiria.

Baadaye, kabla ya kurudishwa hapa kwenu, nikahamishiwa Magindu, huko Kibaha, wilaya nyingine kabisa. Ile nashusha godoro tu, watoto wanatimua mbio: "Zimwi huyo!" Jina lilikuwa limefika kabla yangu. Ningemlalamikia nani, na kila mtu alikuwa ananitania kwa mapenzi?

Mtu mmoja tu hakuniita hivyo. Ni marehemu mke wangu, Tunu, ambaye wengi mlimjua. Katuni zako zote alizikusanya, Mwalimu, akazitunza kwenye kopo la biskuti, na hakuna aliyezicheka kumshinda. Ila chai ikiwa tayari aliita kutoka uani, "Abdulwahab, njoo basi, inapoa." Mwezi wa nne umetimia mwaka tangu atutoke. Tangu siku ile jina langu sijalisikia kinywani mwa mtu. Nina hamu nalo, ndugu zangu. Nina hamu nalo kweli.

Mwalimu, sikuombi uache kuchora. Wiki ijayo mchore Zimwi amekaa na kikombe chake, halafu mtu amwite jina lake. Basi, hivyo tu.

Na kamati, cheti chenu nakirudisha kwa heshima zote. Huo utukufu mkitaka uondoeni, andikeni Abdulwahab Mfaume.

Sasa pilau limeiva na miguu yangu imekataa. Asanteni sana kwa kunivumilia. Sitakwenda mezani mwenyewe. Mmoja wenu aniite, kwa jina. Nasubiri.