Miguu ya Marcel

Kijiwe chetu kiko Buseresere, kando ya barabara ya kwenda Biharamulo, kwenye ukuta wa banda la video la Abdulshakur. Benchi ni moja. Ubao wake wa katikati umepasuka, na kila mgeni huukalia kwa sababu hakuna anayemwonya. Mimi ni fundi viatu, natandaza vifaa vyangu mwisho wa benchi mwaka wa kumi na nne sasa, wananiita Soli, na niwaambie mapema kwamba mimi kelele sizipendi. Ila asubuhi ile kelele zilikuwa na sababu. Bi. Paskalia, Mama Marcel, alikuwa kwenye basi kutoka Chato, anakoishi siku hizi, anakuja kumwona mwanawe kwenye filamu ya Hollywood. Marcel ni wetu. Alikulia hapa akicheza ngoma, akaenda chuo cha sanaa huko Pwani, akazunguka majukwaa ya Ulaya miaka na miaka, kisha akahamia Marekani, na studio kubwa ikamchukua aigize. Zamani alikuwa anatuma picha kwenye simu ya dada yake, Sesilia, na Sesilia anampelekea mama. Mwaka wa pili huu hatumi hata moja. Akipiga simu anasema, "Niko salama, mama," anakata. Mama wa watu usingizi hapati. Aliyempigia kumwambia aje ni Tarumbeta, bodaboda wetu, akamwapia kwamba sote tumemwona Marcel kwa macho yetu, mzima, amenawiri. Tatizo ni moja tu. Kwenye filamu yenyewe tulikuwa hatujakubaliana Marcel ni yupi.

— Basi linakaribia kuingia — alisema Shaaban, muuza kahawa, akipanga vikombe vyake. — Haya, mama wa watu mtamwonyesha nani?

— Yule mrusha shoka, nani tena! — Tarumbeta akaruka. — Mbona liko wazi? Viumbe wako sita, wote magamba kuanzia utosini mpaka ukucha. Mmoja tu anarusha shoka nyuma ya mgongo, analidaka bila kuangalia. Ile ni bugobogobo tupu, ngoma ya majembe, bana! Si ndivyo Marcel alivyokuwa anarusha jembe?

Hapo hakutupiga kamba. Kwa asiyezijua ngoma za huku: makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, saa moja, yakitazamana, na watu wanahamia kwa anayewakosha. Jaji hayupo. Mwenye watu wengi ndiye kashinda. Sabasaba moja huko Mhunze, Marcel alirusha jembe nyuma ya mgongo, akalidaka bila kugeuka, na uwanja mzima ukahama kuja kwake. Wapinzani wakabaki wanawachezea wapiga ngoma wao wenyewe. Siku ile nililia, na mimi si mtu wa kulialia.

— Mrusha shoka wapi! — alisema Feisal. Huyu ni broka wa dhahabu, ananunua kwa wachimbaji na kuuza Geita mjini, na amezoea kukataa bei ya kwanza ya kila kitu. — Marcel ni yule karani wa benki mwenye kofia. Mtafsiri, yule anayeingiza Kiswahili juu ya filamu, alisema mwenyewe, "Huyu hapa kijana wetu wa Buseresere, mnamwona?" Masikio yako ulikuwa umeyaacha kwenye pikipiki?

— Karani anaonekana mgongo tu!

— Mgongo si wa mtu?

Marwa akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Marwa ni mtu wa Mara, ana karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na kwa sababu ya kelele zake anaongea kwa sauti hata msibani.

— Feisal, we ndugu yangu, umeliwa! Filamu hiyo hiyo niliiona Mhunze mwezi uliopita. Akatokea karani huyo huyo na kofia yake. Mtafsiri akasema, "Huyu hapa kijana wetu wa Mhunze, mnamwona?" Na watu wakapiga makofi!

Wote tukageukia dirisha la banda. Abdulshakur akachungulia, kaona aibu.

— Mimi sikumtuma — alisema. — Wale watafsiri wanachomeka wenyewe. Kila mji wanaouzia, wanautaja. Watu wanafurahi.

— Na wewe ulijua?

— Nilijua.

— Ukanyamaza, na mimi nikampigia mama yake! — Tarumbeta alishika kofia yake ya pikipiki kwa mikono miwili. — Ee Mungu wangu.

Ila kwamba Marcel yumo, hilo halikuwa na ubishi. Jina la filamu alilitaja mwenyewe kwa mama yake, wiki ya Pasaka. Yumo. Yumo wapi, ndiyo shughuli.

Shaaban alikaa juu ya ndoo yake. Ni mtu mpole, babu yake alitoka Ujiji, na akiuliza kitu anauliza polepole.

— Mimi kinachonisumbua ni kingine. Mtu aliyeuhamisha uwanja wa Mhunze, kwa nini aache ngoma, akajifiche kwenye gunia la magamba?

— Watu, Shaaban, watu! — Tarumbeta akapata pumzi tena. — Jukwaani Ulaya alikuwa anawachezea watu mia tano. Kwenye filamu ni dunia nzima. Marcel tangu zamani anataka uwanja wote uhamie kwake. Akaona, aa, hawa wa jukwaani ni wachache.

— Na wanamhamiaje mtu wasiyemwona uso? — niliuliza. Sikutaka kuingia, ila ilinitoka.

— Soli, we shona.

Feisal akasogea mbele. Ukimwona Feisal anasogea mbele, jua anakuja na lake.

— Nisikilizeni. Studio ni kama mwenye duara, shimo la dhahabu. Mchimbaji anashuka shimoni, anatoa mawe, jina la mwenye mali ni lingine kabisa. Wale hawakumchukua Marcel. Wamechukua miguu. Wamemfunga nyaya mwili mzima, kompyuta imemeza mwendo wake, halafu uso wamebandika wa mtu mwingine. Hata karani anatembea kwa miguu ya Marcel. Mkataba unamkataza kucheza popote, unamkataza kujipiga picha. Ndiyo maana hatumi. Picha zake si zake.

— Fiksi! — alisema Tarumbeta, lakini alisema kwa sauti ndogo.

— Mnamsema mtu kana kwamba kauzwa buchani — alisema Marwa. — Mambo ni makubwa kuliko hayo. Nani hajui kwamba manju, kiongozi wa ngoma, hapandi uwanjani bila dawa ya kuvuta watu? Marcel aliondoka nayo! Ile dawa ya kundi lake, mpaka leo haijaonekana. Wazungu wakashangaa, huyu kila akisimama ukumbi unamwinamia. Wakamwita ofisini, wakasema, sisi hatutaki mchezaji, tunataka hiyo. Sasa dawa ya ngoma ukiipeleka mbele ya kamera, inakugawa. Wale viumbe sita si watu sita. Wote ni Marcel!

— Wote sita?

— Mliwahi kuwaona wanasalimiana?

Tukatafakari. Ni kweli hatujawahi kuwaona wanasalimiana.

— Na magamba si nguo — Marwa akashusha sauti, akabaki na sauti ya mtu wa kawaida. — Mtu akipiga picha siku hizi atume nini? Atume magamba kwa mama yake?

Hakuna aliyecheka. Nawaambia, kahawa tupu asubuhi bila kashata inaweza kumfanya mtu mzima aamini kitu chochote. Nikaona nami niwaambie la kwangu, maana hata mimi nilikuwa nalo. Marcel alikuwa analeta viatu kwangu. Kiatu chake cha kushoto siku zote kililika soli upande wa nje. Nilijua ni mtindo wake, ile pozi ya mcheza ngoma. Na mrusha shoka naye anakanyagia nje kidogo. Kwa hiyo ni yeye, tumwonyeshe huyo, yaishe.

— Soli kasema — alisema Tarumbeta, akafuta jasho. — Mrusha shoka. Wote tuseme mrusha shoka. Sawa?

— Sawa.

Na basi likapiga honi.

Mama Marcel alishuka na kitenge kipya na furushi la dagaa. Tukasimama wote.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Mwangaluka.

— Mwangaluka, mayu.

Alikuja kukaa moja kwa moja kwenye ubao uliopasuka. Nikamshika kiwiko, nikamsogeza upande wangu. Miaka kumi na nne, huyo ndiye mtu wa kwanza kumwonya. Shaaban akampa kahawa. Hakuinywa, alikishika kikombe tu.

— Ni mzima? — aliuliza.

— Mzima, mama! — alisema Tarumbeta. — Anaruka, anarusha shoka, we! Utacheka mwenyewe.

— Uso wake ukoje?

Tarumbeta akamwangalia Feisal. Feisal akaangalia barabara.

— Mama — nilisema, maana hapo nilishindwa — uso hatukuuona. Amevalishwa kinyago. Tunamjua kwa miguu.

Alikiweka kikombe kwenye benchi. Nilidhani atakasirika, arudi na basi lile lile.

— Miguu yake naijua — alisema. — Twende.

Tukaingia. Nilikaa naye mstari wa mbele. Akaniomba, filamu zinaenda haraka, akitokea nimshike mkono. Nikasema sawa. Mkono wangu ulikuwa unanuka gundi, nikaufuta kwenye suruali. Mtafsiri akaanza kupayuka. Karani akapita na kofia yake, mtafsiri akasema kijana wetu wa Buseresere, na nyuma yetu Abdulshakur akakohoa. Likafika shoka. Likapanda nyuma ya mgongo, likadakwa. Nikamshika mkono.

Akatazama vizuri kabisa. Kisha akaupigapiga mkono wangu taratibu.

— Siye huyo.

Nilishikwa na fadhaa, jamani. Nilitaka kumwambia kuhusu soli.

Kuna kipande kule mbele ambacho sisi hatukiangalii. Viumbe wako kando ya mto, wanangoja vita vya kesho, hawapigani, hawasemi. Hata mtafsiri hapo huwa ananyamaza. Watu wa bandani ndipo hutoka kwenda kujisaidia, na Tarumbeta, Feisal na Marwa walitoka kama kawaida yao. Nikabaki na mama. Kiumbe mmoja wa nyuma, kwenye giza, akaweka mkono juu ya jiwe. Akanyoosha mguu wa kushoto mbele, moja kwa moja. Ndipo akajishusha polepole, akakaa. Sekunde mbili, tatu, basi, ikapita.

Mama Marcel alinibana mkono mpaka vidole vikaniuma.

— Huyo — alisema. — Huyo ni mwanangu.

Hakungoja mwisho. Tulipotoka, wenzangu walikuwa wameshakaa benchini, Tarumbeta amejiweka sawa kupokea sifa.

— Ehe, mama! Umemwona anavyorusha?

— Nimemwona anavyokaa.

— Anavyokaa? Anakaa wapi?

Hakuna aliyejua anazungumzia nini. Nikawaeleza: kule mtoni, wa nyuma, mguu wa kushoto. Mama Marcel akakaa, akaweka furushi mapajani.

— Alianguka akiwa na miaka kumi na sita — alisema. — Kwenye ngoma, jembe likampitia gotini. Hakutaka mtu ajue, maana mwenye goti bovu hapewi kuongoza. Kila akitoka kwenye ngoma, jioni, nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi. Alikuwa hawezi kukaa mpaka aunyooshe kwanza, hivi. Nilimwambia, Marcel, hilo goti halitakufikisha mbali. Likamfikisha Ulaya. Naona sasa limekataa.

Nikaangalia viatu vya watu vilivyorundikana mbele yangu. Miaka yote ile nilibadilisha soli ya kushoto, nikasifia pozi. Mtoto alikuwa anaukwepa mguu, mimi nasifia.

— Kwa hiyo ngoma ndiyo maana aliiacha — alisema Shaaban.

— Ndiyo maana — alisema mama. — Kwenye hilo gunia akichechemea, nani atamjua? Na picha nazo ndiyo hivyo. Ananificha anavyosimama.

Marwa hakugusia tena dawa. Feisal naye, ya mkataba, ya kompyuta, ya miguu kuuzwa, hakuyataja tena. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kusukuma vumbi, na kondakta wa basi la kurudi Chato akawa anaita abiria. Mama Marcel akamgawia Shaaban nusu ya dagaa, akasema atupikie na sisi wengine, kisha akasimama. Alipofika ukingoni mwa barabara akageuka. Hakuwa analia. Alituuliza tu, kama mtu anayewauliza watu wanaojua.

— Nyie ndio mnajua mambo ya huko. Jioni akitoka kazini, nani anamkanda?

Shaaban akainua birika ammiminie mama kikombe cha safari, akaliinamisha, akaliinamisha zaidi. Kahawa ilikuwa imekwisha.