Bi. Nazmin na Gauni Lililovuka Mto

Baada ya miaka ishirini na sita ya kusafisha kumbi za makumbusho yetu hapa Toronto, Bi. Nazmin anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Ofisi imetoa taarifa ya Kiingereza yenye mistari minne, mmoja ukihusu maegesho ya magari siku ya sherehe. Sisi wenzake tunaozungumza Kiswahili tumeona tuijazie kidogo.

Alizaliwa Mwanza, akajifunza kushona dukani kwa baba yake, kisha akahamia Kanada na kufunga maboksi katika ghala moja la Malton kwa miaka mitatu. Alipoajiriwa kwetu alipewa ghorofa ya pili, anakokaa mfanyakazi anayetunzwa kuliko sisi sote: gauni la shanga za dhahabu la filamu ya zamani. Katika filamu hiyo mwigizaji anavuka nalo mto wenye matope, maji yakimfika kifuani. Kwetu, gauni hilohilo ni kama haliruhusiwi hata kupumuliwa. Bi. Nazmin alipangusa kioo chake upande wa nje tu, tena kwa kitambaa kikavu.

Februari 2015, Jumapili asubuhi, bomba liliganda na kupasuka juu ya ukumbi. Maji yakaanza kuchuruzika ndani ya sanduku la kioo. Gitonga, mlinzi wa zamu, ambaye ndiye anayeandika haya, alikuwa na ufunguo lakini hakuwa na kibali. Mwenye kibali, meneja wetu Bw. Brice, alikuwa ndani ya ndege. Gitonga alipiga simu tatu ofisini, zote zikapokewa na mashine.

Bi. Nazmin aliweka ndoo chini. "Gitonga, fungua," alisema. "Kama unaogopa, nipe ufunguo, halafu useme nimekunyang'anya."

Gitonga akafungua. Bi. Nazmin alijua gauni la shanga halishikwi mabegani, maana uzito wake huchana kitambaa. Aliliinua kama anayembeba mtoto aliyelala, akalilaza juu ya shuka safi, kisha akapiga magoti kuokota shanga thelathini na mbili zilizodondoka. Alikuwa na binti chuoni na hakuwa na kazi nyingine ya kukimbilia.

Wiki iliyofuata aliitwa mbele ya kamati, akaulizwa kwa nini aligusa gauni bila glavu maalumu. Alijibu kwamba glavu alivaa. "Ni za kusafishia choo, lakini zilikuwa mpya." Kamati iliyanukuu maneno hayo yote katika barua ya onyo. Gitonga naye alipata yake, fupi zaidi.

Mwezi mmoja baadaye Bw. Brice alialikwa kwenye mkutano Montreal kueleza jinsi uongozi ulivyookoa gauni. Kabla ya kusafiri alimwita Bi. Nazmin amwonyeshe gauni la shanga hushikwaje. Akamwonyesha, kwa kutumia koti la Bw. Brice mwenyewe. Gitonga alitaka waandike malalamiko, Bi. Nazmin alikataa, akisema gauni limesalimika na hilo ndilo alilotaka. Ila siku hiyo alikula chakula chake peke yake, jambo ambalo si kawaida yake.

Jumamosi iliyopita alikuja kwa mlango wa mbele na binti yake Fareen, tiketi mkononi. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kusimama mbele ya gauni lile bila ndoo wala kitambaa. Alisimama karibu nusu saa, hadi Fareen akamuuliza kwa Kiingereza kama amechoka.

"Hapana," alijibu kwa Kiswahili. "Naangalia pindo. Aliyelishona alikuwa na haraka."

Fareen hakuwahi kusimuliwa habari za bomba. Gitonga alimsimulia palepale, kwa Kiingereza na kwa sauti ya kutosha. Wageni saba waliokuwa wakilipiga picha gauni wakageuka, wakawa wanamtazama mama yake. Bi. Nazmin alimwomba Gitonga apunguze sauti, lakini hakuondoka.

Asante, Bi. Nazmin. Sisi wa ghorofa ya pili tunakuombea afya, siku nyingi na usingizi wa asubuhi huko nyumbani kwako Weston.