Mnara Uliozidi Kimo

Joto la adhuhuri lilitulegeza ndani ya basi dogo la kwenda mtaa wa Thongpiny. Mbele yangu Linus, fundi Mkenya, alimwambia mama wa Kisomali aliyekaa naye kwamba kesho yeye na wenzake watapunguza mnara wa simu kwa mita kumi na tano. “Karibu na uwanja wa ndege kuna kimo mnara hauruhusiwi kupita, mama.” Mimi nilijifanya nasoma gazeti la wiki jana.

Mama huyo, Ruun, muuza vitambaa wa mtaa wa Mangateen, aliduwaa. “Mama yangu yuko Garissa, haoni tena. Ananijua kwa sauti tu. Mkiukata, simu itanifikia?”

“Labda.”

“Basi ndege zipite juu zaidi.”

“Zinatua, mama. Na ndani kuna watoto wa watu.”

Ndege nyeupe ikapita juu yetu, chini, taratibu, kana kwamba inaelea. Ruun akaifuata kwa macho.

Basi liliposimama, Linus alishuka na kamba zake za kupandia mnara. “Kesho saa ngapi?” Ruun akamuuliza dirishani.

“Saa nne asubuhi.”

Ruun akampigia mama yake simu palepale. Aliongea Kisomali kidogo tu, kisha akafumba macho, akasikiliza.